Maharagwe Yachemke Kwanza, Kikapu Baadaye

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Leo hatutasoma katiba wala kuhesabu michango. Tutapika wali na maharagwe, na kabla ya kuwasha jiko tuna neno la kuungama mbele yenu.

Mnajua wenyewe vile chakula hiki kinavyouzika. Kuanzia Gikomba hadi Kayole, saa saba mchana kibarua wa mjengo anataka sahani ya kujaza tumbo kwa pesa kidogo. Nyama hawezi kila siku. Wali na maharagwe vikikaa sahani moja vinasaidiana kujenga mwili: kilichopungua huku kinapatikana kule. Wenzetu wa Ghana hupika vyote katika sufuria moja pamoja na majani ya mtama, chakula kikatoka na rangi ya hudhurungi. Wanakiita waakye, na akina mama wa huko wanakiuza kando ya barabara tangu asubuhi, na mayai na pilipili juu yake. Sisi tunapika mbali mbali, na si vibaya.

Shida yetu ni makaa. Maharagwe yanakula makaa kuliko mchele, na faida ya siku inaishia hapo jikoni. Ndiyo maana tulifundisha vikundi kutumia kikapu kile kikubwa kilichojazwa nguo kuukuu pande zote. Sufuria ya moto inaingizwa, inafunikwa kwa mto, chakula kinaendelea kuiva bila makaa. Kikapu ni kizuri na bado tunakisifu. Lakini tulifundisha nusu. Tulisema, "Yachemsheni kidogo, kisha yatieni kikapuni." Kidogo ni kiasi gani? Hatukusema.

Katika kikundi kimoja mama mwenye zamu alichemsha maharagwe mekundu kwa dakika chache tu, akayatia kikapuni usiku. Asubuhi yalikuwa laini kwa nje, ndani bado magumu. Wateja wanangoja, akayaunga haraka haraka, akauza. Kabla ya saa kumi watu walikuwa wanatapika na kuendesha. Usiku walipata nafuu, lakini jina la kibanda lilikuwa limeharibika. Huyu anasema mafuta ni mabaya, yule anasema kuna mkono wa mtu. Mama yule aliitwa mchafu, akaondolewa kwenye zamu, hata Jumuiya akaacha kuja. Na yeye alifuata vile tulivyomfundisha! Kosa lilikuwa letu. Tulikwenda kulisema mbele ya kikundi kizima, naye akiwepo.

Sasa sikilizeni vizuri. Maharagwe, hasa mekundu makubwa, yana sumu ya asili. Si uchafu wala si dawa ya shambani, mmea wenyewe una sumu hiyo. Mwaka 1976 huko Uingereza vijana wa shule waliokuwa likizoni walikula maharagwe yaliyolowekwa tu bila kupikwa, wakaugua. Punje nne au tano zinatosha kumwangusha mtu. Moto mkali unaiua sumu hiyo. Joto la chini haliiui, tena linaweza kuizidisha. Hapo ndipo kikapu kilipotushinda.

Kwa hivyo yalowekeni tangu jioni. Asubuhi mwageni maji yale, mtie mapya. Tunajua mtanung'unika, maana hapa maji ni ya kununua kwa mtungi. Basi yamwageni kwenye sukuma za guniani, lakini msiyapikie. Yakianza kuruka ruka kwenye sufuria, angalieni saa: nusu saa nzima, moto usipunguzwe. Ndipo yaingie kikapuni. Yakitoka yarudi motoni yachemke tena, na hakuna kuunga kabla punje haijapondeka kwa vidole viwili. Hata hivyo mtaokoa makaa mengi.

Mtu atauliza, na magadi je? Magadi yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe. Kuloweka ni bora. Na maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu ni magumu hata uyapike siku nzima, kwa hivyo mnunuzi wa kikundi asifurahie bei tu.

Kwa watu 20 tunapima mchele kilo 2 na maharagwe kilo 1. Watu wa mjengo wakija, hesabuni 15! Kando tieni sukuma au kabichi isiyopikwa ikafa, na kachumbari ya nyanya na kitunguu. Nyanya mbichi inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa maharagwe. Chai ya rangi juu ya chakula inayazuia, kwa hivyo chai ingoje. Nyanya zioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Wali uliobaki usilale kwenye sufuria hadi kesho ukauzwa tena.

Mama yule alirudi kwenye zamu baada ya mwezi mmoja. Leo yuko hapa nasi, na ndiye atakayeshika saa. Maharagwe yamelowekwa tangu jana jioni. Mama, karibu mbele, tuwashe jiko.