Madaraka Yenye Mipaka: Katiba Inatuhusu Nini Sisi wa Vijijini?

(Mada iliyotolewa kwenye mkutano wa kamati za parokia, Singida)

 

Tumeombwa tuzungumzie Katiba na madaraka ya viongozi. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Dodoma, na sisi shughuli zetu ni visima, alizeti na ada za watoto. Kwa hiyo tuanze na kisima.

Miaka kadhaa iliyopita, mjumbe mwenzetu wa kamati ya maji alisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza fedha za dizeli ya pampu zimekwenda wapi. Kesho yake alikamatwa kwa amri ya kiongozi mmoja wa serikali. Alikaa ndani siku tatu, kisha akaachiwa bila kufikishwa mahakamani. Sisi tulimpelekea uji na tukamwombea. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza amekamatwa saa ngapi na kwa kosa gani. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza habari za fedha. Pampu ilisimama, akina mama wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo.

Ndugu zetu, tulinyamaza kwa sababu hatukuijua sheria. Sheria ya Tawala za Mikoa, Na. 19 ya mwaka 1997, inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Lakini sheria hiyo hiyo inaweka masharti. Lazima pawe na sababu za kuamini kwamba mtu huyo ametenda kosa linalostahili kukamatwa, au anaelekea kuvunja amani na hakuna namna nyingine ya kumzuia. Sababu hizo ziandikwe na kupelekwa kwa hakimu. Saa 48 zikipita bila kufikishwa mahakamani, aachiwe. Na kiongozi akitumia uwezo huo vibaya, anaweza kushtakiwa. Kuuliza fedha za dizeli si kuvunja amani.

Sasa, hao wakuu wa mikoa na wilaya huteuliwa na Rais. Ndiyo maana mjadala wa madaraka ya Rais hauishii Dodoma, unafika mpaka kwenye pampu yetu.

Mjadala huo si mpya. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Wengi tunaikumbuka kwa sababu ya vyama vingi, lakini ilitaja pia sheria 40 zilizobana haki za watu, ikashauri zifutwe au zirekebishwe. Mwaka 1998 ikaja Kamati ya Jaji Robert Kisanga. Ilipotoa taarifa yake mwaka 1999, Rais Mkapa alisema hadharani kwamba kamati ilivuka mipaka ya kazi iliyopewa. Mwaka 2000 Katiba ikabadilishwa: Rais akapewa nafasi ya kuteua wabunge hadi 10, na ikaondolewa kanuni ya kwamba mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura.

Kisha ikaja Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyozunguka nchi nzima mwaka 2012 kukusanya maoni. Rasimu yake ya pili, ya Desemba 2013, ilipendekeza mawaziri wasizidi 15, wasiwe wabunge, na wathibitishwe na Bunge. Bunge Maalum la Katiba lilianza Dodoma Februari 2014, likagawanyika katika kamati 12 za kuichambua rasimu sura kwa sura. Kamati zilianza na sura ya kwanza na ya sita, na hapo hoja ya serikali tatu au mbili ikameza mambo mengine. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA walitoka nje. Waliobaki waliendelea, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa tarehe 2 Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haijafanyika.

Hatukuja hapa kushabikia chama. Kila chama kina waumini wetu. Tunachosema ni kwamba tulibishana sana juu ya idadi ya serikali, tukasahau kuuliza swali la mjumbe wetu wa maji: mwenye madaraka akikosea, nani anamzuia?

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi kwa unyenyekevu: saruji na mabomba mliyotupa ni baraka, lakini mradi hufa pale ambapo watu wanaogopa kuuliza. Mkisaidia semina ya sheria, mnalinda pia kisima.

Kwa kamati zetu, tunaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu kama sheria inavyotaka, mapato na matumizi yasomwe, na muhtasari uandikwe. Pili, mwenzetu akikamatwa, pamoja na kumpelekea chakula, tuandike siku, saa, jina la aliyetoa amri na sababu aliyoitaja. Tatu, kamati za Bunge huita wadau kutoa maoni juu ya miswada. Dodoma ni jirani yetu. Tupeleke maoni yetu kwa maandishi, hata ukurasa mmoja, badala ya kusubiri sheria ipite ndipo tulalamike.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mjumbe wetu yupo nasi leo, amekaa pale nyuma. Kijiji kimemrudisha kwenye kamati ya maji. Safari hii, akisimama kuuliza, tusimwache asimame peke yake.