Unataka Mshahara Kiasi Gani?

Msikilizaji, swali hili mara nyingi huja mwishoni mwa usaili, na wengi hujibu haraka: "Chochote mtakachonipa." Tafadhali, usijibu hivyo. Anayekuuliza ana bajeti yake. Nawe nenda na hesabu yako.

Tuseme umetaja shilingi 1,000,000. Ni kabla ya makato au baada? Hapa Tanzania, mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 unaondoa 100,000. Zile 900,000 zinazobaki zinakatwa kodi ya mapato, 103,000. Mkononi unapata 797,000. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, toa tena asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000. Nauli, chakula na kodi ya nyumba vinasubiri hiyo 647,000.

Kwa hiyo ulizia mapema wenye kazi kama hiyo wanalipwaje, kisha useme: "Kwa majukumu mliyonieleza, natarajia kati ya 1,200,000 na 1,400,000 kabla ya makato. Je, bima ya afya na posho ya usafiri zipo?" Hicho kiwango cha chini kiwe unachoweza kuishi nacho, maana mara nyingi ndicho watakachokishika. Ukishasema, nyamaza, waache wajibu.