Bunduki Isiyomtisha Mwenyewe

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kuchagua risasi ya kuwindia. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu wa chuo ana nini na bunduki?" Jibu langu ni kwamba nililelewa na mjomba wangu, mwindaji mwenye leseni, na somo alilonipa nilipokuwa kijana wa miaka 20 nimelikumbuka kuliko mengi niliyoyasoma darasani.

Mjomba alikuwa na bunduki kubwa ya namba .375. Alipoipiga, bega lake halikuonekana kusumbuka hata kidogo, nami nikadhani ni kazi nyepesi. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimbembeleza siku nyingi hata akaniachia nijaribu. Risasi ya kwanza niliipiga kwenye shina la mti. Kitako kilinigonga begani kama mchi, nikaona aibu kusema kwamba nimeumia.

Siku ya tatu tulimkuta kongoni, naye alikuwa kiasi cha hatua 100 tu. Tulikuwa na kibali chake. Nikalenga nyuma ya bega, mahali penye moyo na mapafu. Lakini kabla ya kuvuta kifyatulio nililikumbuka lile pigo, nikafumba macho, nikavuta kwa pupa. Risasi ikamwingia tumboni. Tukaifuata damu tangu saa 4 asubuhi hata jua likatua, tusimpate. Kesho yake tukamkuta, na fisi walikuwa wametutangulia.

Mjomba hakunikaripia. Alisema, "Mpwa wangu, mnyama huyu ameteseka usiku kucha kwa sababu ya bega lako. Na kosa ni langu, maana ndimi niliyekupa bunduki isiyo kadiri yako."

Bega lilipopona alinipeleka tena kwenye shabaha. Safari hii bunduki aliijaza yeye mwenyewe, nami nimempa kisogo. Nikalenga, nikavuta. Pasitoke mlio wowote ila "tik"! Maana mjomba alikuwa ametia ganda tupu. Walakini mtutu ulishuka chini kama umevutwa kwa kamba, na mabega yangu yalikuwa yamejikunyata. Hapo ndipo nilipojiona. Bunduki haikunifanya neno, bali mimi niligutuka kwa hofu ya teke ambalo halikuja.

Basi, teke hili latoka wapi? Kila risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki chini yake, baruti ndani yake, na risasi yenyewe mbele. Baruti iwakapo hugeuka hewa yenye nguvu nyingi, nayo huisukuma risasi mbele. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza alichapisha kanuni kwamba kila msukumo una msukumo ulio sawa nao wa kuurudisha nyuma. Ninyi mkaao ziwani au pwani mmeiona kanuni hii kwa macho: mtoto arukapo kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu, mtumbwi hurudi nyuma. Risasi ni mtoto, bunduki ni mtumbwi.

Kwa kanuni hiyo twafahamu mambo matatu. La kwanza, risasi nzito iendayo kasi hupiga teke kubwa. La pili, baruti nyingi huongeza teke, maana hata hewa yake hutoka mbele kwa kasi. La tatu, bunduki nzito hupunguza teke, kama vile mtumbwi mkubwa usivyosukumwa sana na mtoto. Kwa hiyo yule atafutaye bunduki nyepesi sana ili asichoke njiani, ajue kwamba atalipa begani.

Sasa na tulinganishe. Namba hizi ni upana wa risasi, ama kwa milimita, ama kwa sehemu za inchi. Tuchukue risasi ya milimita 7, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 57, iliyotolewa na Mauser wa Ujerumani mwaka 1892. Nguvu ya teke lake tuihesabu kuwa 1. Risasi ya .30-06, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, ina teke la yapata 1 na nusu. Ile .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912 ni yapata 3. Na .458 ya Winchester ya mwaka 1956 ni 4 au zaidi. Nami, kijana asiyezoea, nilianzia kwenye 3!

Labda mtasema kwamba risasi ndogo haiui. Sikilizeni habari za Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880. Aliwinda tembo Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, na katika nchi nyingine za Afrika, akaua zaidi ya 1,000. Wengi wao aliwaua kwa risasi hiyo hiyo ya milimita 7, ambayo Waingereza waliiita .275. Aliweza kwa sababu alichunguza mafuvu ya tembo hata akajua ubongo unakaa wapi, akatumia risasi ngumu zisizobonyea, na mkono wake haukutikisika. Kilichoua kilikuwa mahali risasi ilipoingia.

Lakini msiniambie kesho kwamba mwalimu amewatuma kupiga tembo kwa risasi ndogo! Ustadi wa Bell ni wa watu wachache mno, na siku zake zimepita. Leo nchi kadhaa za Afrika zimeweka sheria kwamba nyati na tembo wasipigwe kwa risasi iliyo chini ya .375, na sheria hiyo ina busara, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa huweza kumwua mwindaji, au mama aendaye zake kutafuta kuni. Tena Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na palipo na ruhusa, hapana kuwinda bila kibali.

Basi shauri langu ni hili. Fikiri kwanza ni mnyama gani uliyepewa ruhusa kumwinda, kisha chagua risasi iliyo ndogo kuliko zote zimtoshazo. Kwa swala wadogo, .243 ya mwaka 1955 yafaa, na teke lake ni dogo kuliko la ile ya milimita 7. Kwa swala pala na kongoni, ile ya milimita 7 yatosha, mradi ulenge vema. Kwa pofu, aliye mkubwa kama fahali, .30-06 au zaidi. Nyati umwachie mtu aliyekwisha kulizoea teke la .375.

Kabla ya kununua, omba kuijaribu bunduki. Tazama kama kitako kinakaa begani bila kukunyosha shingo. Kibandike mpira nyuma, maana hulipunguza pigo. Kishike kikazwe begani, kwa kuwa kitako kilicho mbali na bega hupata nafasi ya kupiga. Ziba masikio unapojifunza, maana mara nyingi mtu huogopa mlio kuliko pigo. Anza na bunduki ndogo ya .22, na usipige risasi nyingi za nguvu kwa siku moja. Mwisho, umwombe mwenzako akutilie ganda tupu kwa siri. Mtutu ukitulia, umefuzu. Ukishuka, rudi nyuma hatua moja, uchukue risasi ndogo zaidi, wala usione haya.

Haya ya kijana ndiyo iliyomtesa kongoni wetu. Laiti ningalisema siku ile ya kwanza, "Mjomba, bunduki hii yaniumiza," angalinipa ndogo, na mnyama angalikufa papo hapo. Wanafunzi, lichukueni neno hili. Nawaaga kwa heri.