Kasa wa Ndala

(Muziki, kisha unashuka)



Wiki iliyopita mbuzi wa mama yangu mkubwa alikufa. Alivimba tumbo, akaacha kula, siku ya tatu akaanguka. Walipompasua, walikuta mifuko ya plastiki imejiviringisha kama kamba. Maziwa ya wajukuu yameishia hapo.

Baharini mambo ni hayo hayo. Kasa hula konyeza, yule mnyama laini anayeelea majini. Akiona mfuko unaelea, hudhani ni konyeza. Tumbo likijaa mifuko, kasa hufa kwa njaa huku ameshiba.

Kule Kiunga, kaskazini mwa pwani ya Kenya, mawimbi yalileta ndala kuukuu kwenye fukwe ambako kasa hutaga mayai. Ndala zikiziba njia, mama kasa hashindi kupanda, na watoto wake hukwama wakikimbilia maji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa bahari Julie Church aliwaona watoto wa huko wakikata ndala hizo kutengeneza vitu vya kuchezea. Kazi ikaanzia hapo. Leo jijini Nairobi wachongaji, wengine waliokuwa wakichonga mbao, huziosha ndala, huzigandisha kwa gundi, huzichonga kwa kisu na kuzisugua kwa msasa, mpaka atoke kasa au twiga wa rangi nyingi. Mtu akiuliza, "Huyu ametengenezwa kwa nini?" somo limeanza.

Mwaka 2018, kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la plastiki lenye urefu wa mita 9, limevikwa ndala zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, likifundisha njiani.

Sasa tutazame kwetu. Watoto wetu ni mafundi tayari: magari ya madumu, mipira ya mifuko. Najua mtaniambia mashimo ya taka ni machache. Ni kweli. Lakini mfuko uliofungwa fundo na kuhifadhiwa hauliwi na mbuzi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, watoto waleteni wanyama mliowatengeneza kwa taka. Tutawapanga mbele ya studio, kila mpita njia aone. Mimi nitaleta mbuzi wa mifuko, na mama mkubwa ameahidi kusimama kando yake aeleze yaliyompata.

Kwaherini, tusikilizane wiki ijayo.

(Muziki)