Ujira wa Kibarua Mgeni



Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga mikoani Kagera, Kigoma na Geita, ili kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Sisi hatupingi sheria. Kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini tujiulize: Warundi wanaolima mahindi na maharage ya Kasulu na Kibondo, ni nani awapaye jembe, kama si sisi wenyewe? Mwenye shamba angojaye palizi iishe ndipo awaite maafisa, ili asilipe, haitetei sheria, anaiba. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, huagiza kibarua, awe ndugu au mgeni, alipwe kabla jua halijatua. Basi tuwatafutie vibali kabla ya kuwaajiri. Na yule alazimikaye kuondoka, aondoke na ujira wake mkononi.