SURA YA MFANYAKAZI SI MALI YA BURE
(Hotuba kwa wanachama, Mji wa Kale, Mombasa)



Reli ilianzia hapa kwetu mwaka 1896, na wageni wangali wakija kuipiga picha, pamoja na Ngome ya Yesu na vichochoro vyetu. Picha ya ukumbusho haina ugomvi. Ugomvi ni pale sura ya hamali inapobandikwa kwenye tangazo la biashara, naye hakuulizwa wala hakupata senti. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, yataka idhini yake ya wazi kwanza, au ruhusa ya sheria naye awe amearifiwa.

Basi ukipigwa picha, uliza ni ya nini. Ikiwa ni ya biashara, mapatano yaandikwe. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Yapasa yamalizwe kwa siku 90. Ukiona haya kwenda peke yako, njoo chamani twende sote.