Mguu Usiouma Nao Utazamwe
Hotuba ya mgeni rasmi, Siku ya Kisukari Duniani



Leo, tarehe 14 Novemba, dunia inakumbuka siku aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada ambaye mwaka 1921, akiwa na Charles Best, aligundua insulini. Nami nimekuja na jambo moja: ganzi ya miguu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu huharibika, na ile mirefu inayofika vidoleni ndiyo hutangulia. Usiku nyayo huwaka moto, sisimizi wasioonekana hutambaa, kisha mguu unanyamaza. Mgonjwa anadhani amepona, kumbe hatari ndiyo imeanza. Anashinda na kokoto ndani ya kiatu, hajui. Anaungua kwa maji ya moto, hasikii. Wengi hufika hospitali kidonda kikiwa kimefika mfupani.

Hata hivyo, si kila ganzi ni kisukari. Baka la ngozi lisilo na hisia laweza kuwa ukoma, nao unatibika, na dawa zake ni bure. Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi, hata kwa anayemeza metformini miaka mingi. Pombe nyingi pia, na pingili za mgongo zinapobana neva. Lakini ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito, ni dalili ya kiharusi. Ganzi ya makalio pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo ni mgongo uliobanwa vibaya. Hizo mbili hazisubiri kesho.

Waganga wa tiba asili, nawaomba: msimchanje mtu mguu wenye ganzi. Mpelekeni akapimwe. Wauguzi, mgonjwa wa kisukari asitoke kliniki bila kuvua viatu mkamtazama nyayo na katikati ya vidole. Nanyi nyumbani, fanyeni hivyo kila jioni.

Katika hema lile kuna kijiuzi cha nailoni. Utafumba macho, muuguzi atakigusisha unyayoni hadi kipinde, uzito wa gramu 10 tu. Usipokisikia, ujue mguu wako umepoteza mlinzi, na kuanzia leo macho yako ndiyo yaulinde.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba zoezi la upimaji limefunguliwa rasmi.